Mwanahawa na Zimwi la Moto

Tegeni masikio, wenzangu, hadithi imekwisha kubisha hodi.

Zama za merikebu za matanga, merikebu moja iliyosheheni mbata, nazi zilizokaushwa, ilishika moto katikati ya bahari. Ndani ya moshi likatoka zimwi jekundu, likaziba njia ya kuiendea mashua ya kuokolea watu.

"Nipeni mtu mmoja, wengine mpite!"

Abiria wakamgeukia ajuza mmoja kipofu. Mwanahawa, mpishi wa merikebu, akasimama mbele yake.

"Huyu humpati."

Zimwi likadai mara ya pili. "Humpati!" Lilipodai mara ya tatu, tanga kubwa lilikuwa linawaka. Mwanahawa akasema, "Basi njoo unichukue mimi."

Zimwi likacheka, likamkumbatia. Naye akalishika kiunoni kwa nguvu zake zote, akajitosa nalo baharini. Maji yakatokota, zimwi likazimika kama kaa.

Watu wote wakaingia katika mashua, wakaenda kumwopoa Mwanahawa, mikono imemuungua.

"Yule bibi yupo?" akauliza.

"Nipo, mwanangu," ajuza akajibu, akimpapasa uso.

Hapo ndipo Mwanahawa alipolia.

Hadithi nimeifikisha pwani. Sifa zake nawaachia nyinyi.