Mama Aliyekalia Fuawe

"Jicho lililolala ndilo liijualo rangi ya chuma." Nimemwambia hivyo Tumsifu, anayekesha na vitabu vya mtihani hadi macho yamemvimba, nanyi mmecheka mkauliza bibi kayatoa wapi maneno hayo. Nimeyatoa nyumbani kwetu. Sogeeni, chanzo chake ni hiki.

Sisi ni watoto wa wahunzi, hapa hapa milimani Upareni. Zamani watu walitegemea majembe yetu, na mhunzi aliyesifika kupita wote alikuwa Kiangi. Mhunzi hana kipimo cha moto ila macho yake. Chuma kikiwa chekundu kama pilipili iliyoiva, hutiwa majini. Kikigeuka njano kimepitiliza, na jembe lake litavunjika kama chungu. Kiangi hakuwahi kukosea rangi hiyo.

Mwaka mmoja mvua zilikaribia na wengi hawakuwa na majembe. Kiangi akajigamba kwamba usingizi ni wa wasio na kazi, akafua usiku na mchana. Mdogo wake Senzige, aliyemvukutia moto, alipochoka alikwenda kulala. Kiangi akamcheka, akashika mivukuto mwenyewe.

Haikupita muda majembe yakaanza kurudishwa. Moja lilipasuka kwa kugonga kokoto tu. Kiangi naye alibadilika: alisahau majina ya watu, akafoka kwa jambo dogo, akasikia minong'ono mahali pasipo na mtu. Badala ya kuyatilia shaka macho yake, akaanza kutafuta nani kamroga. Akaona ni Senzige, maana ndiye aliyeushika moto wake.

Sasa jueni kwamba laana ya mhunzi haikuwa mchezo. Akiigonga fuawe, lile pande zito la kufulia vyuma, kwa nyundo bila chuma juu yake, huku akitaja jina la mtu, watu waliamini mtu huyo atakufa pamoja na wanawe. Kiangi akatangaza kwamba atagonga mchana ule. Wazee walikuja kumsihi, akawafukuza. Senzige alikaa nje ya kiwanda na watoto wake, hana pa kukimbilia.

Hapo akaingia mama yao, Nakijwa. Hakumsihi mtu. Alikwenda moja kwa moja akaketi juu ya fuawe.

"Mama, inuka," Kiangi alisema.

"Siinuki. Ukitaka kugonga, nigonge mimi niliyewazaa wote wawili."

"Hujui alivyoniharibia chuma changu."

"Chuma nakijua, baba, nimezaliwa kwa wahunzi. Nenda kalale. Ukiamka na bado unamwona mchawi, nitakupisha."

Kiangi alisimama na nyundo mkononi, kisha akaangua kilio. Senzige ndiye aliyemshika mkono akampeleka kitandani. Akalala mchana ule na usiku kucha, hata jua likapanda tena. Muda wote huo mama yule hakushuka kwenye fuawe. Uji alipelekewa pale pale. Nikilisimulia hili kifua hunijaa, maana mwanamke huyo ni bibi wa bibi yangu, na damu yake ndiyo hii mliyo nayo.

Kiangi alipoamka alikula, akaenda kuyatazama majembe yaliyopasuka, akayageuza moja moja. Kisha akampigia magoti mdogo wake mbele ya wazee.

"Hukuniroga," alimwambia. "Niliyaunguza mwenyewe. Niliona njano nikaiita nyekundu."

Ndipo mama akainuka, miguu imekufa ganzi, wanawe wakimshika huku na huku.

Majembe yakafuliwa upya, watu wakalima. Tangu hapo hakuna mhunzi wa ukoo wetu aliyegusa nyundo kabla mwenzake hajamuuliza, "Umelala?" Wahunzi wa kwingine walitucheka kwa swali hilo, lakini wakulima walitoka mbali kuja kuchukua majembe kwetu.

Kwa hiyo, Tumsifu, vifunge hivyo vitabu ukalale. Hujazaliwa kwa wavivu. Umezaliwa kwa watu wajuao kwamba jicho lililolala ndilo liijualo rangi ya chuma.