Zimwi Lililokalia Kisima

Paukwa!

Pakawa!

Watoto walazeni mapajani, kuni zisogezeni, masikio nipeni mimi.

Hapo zamani za kale palikuwa na mji wenye kisima kimoja na shujaa mmoja. Shujaa huyo alikuwa ndege, jina lake Kozi. Alivaa joho jekundu na barakoa ya kifuu cha nazi, na kila alipopigana watoto walimchora ukutani kwa mkaa, picha baada ya picha, kila moja ndani ya kisanduku chake, na vishindo vimeandikwa juu: PAA! TUU! Alasiri yake malenga wa mji, Bwana Faki, alighani utenzi wa ushindi. Na desturi ilikuwa hii: utenzi ukianza, hainuki mtu mpaka ubeti wa mwisho, ambamo mtungaji hutaja jina lake.

Katika mji huo aliishi Mize, mama kijana mwenye mtoto mchanga aitwaye Siti.

Asubuhi moja likaja zimwi, likakalia kisima kama mtu anavyokalia kigoda. Kozi akaruka, akapiga, zimwi likaondoka, Bwana Faki akaghani. Kesho yake likarudi. Kozi akaruka, akapiga, zimwi likaondoka, Bwana Faki akaghani. Siku ya tatu likarudi tena. Kozi akaruka, akapiga, na safari hii bawa likateguka na joho likachanika. Zimwi likabaki pale pale. Bwana Faki naye akafunga mdomo, akisema shujaa aliyeshindwa hana utenzi.

Siku mbili zikapita, mitungi ikakauka. Siti akashikwa na homa, akalia bila machozi.

Sasa, Mize alikuwa ameona mambo ambayo wengine hawakuyaona. Zimwi lilipopigwa, lilijipinda lianguke kando, lisiwaponde vifaranga wa kuku wake. Na kila utenzi ulipoghaniwa, lilijificha nyuma ya ua, likasikiliza mpaka ubeti wa mwisho, kisha likaenda zake limeinamisha kichwa.

Akamfunga Siti mgongoni, akachukua mtungi. Kozi alikuwa juu ya paa karibu na kisima, akishona joho lake.

"Mimi mwenye barakoa nimeshindwa," akamwambia, "wewe utaliweza kwa kanga?"

"Siendi kupigana, kaka. Nakwenda kuamkia."

Akafika kisimani. "Shikamoo, baba."

Zimwi likageuka nyuma kutazama ni nani anayeamkiwa. Halikuona mtu. "Marahaba," likajibu, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake.

Mize akaliuliza jina.

"Mwinyikombo," likasema. "Hapa ndipo watu wote wanapopita. Nilidhani nikikaa hapa, mmoja ataniuliza. Lakini napigwa kwanza. Halafu nasikiliza utenzi mpaka mwisho. Joho linatajwa, barakoa inatajwa, mimi ni zimwi tu."

"Basi leo utaghaniwa wewe," Mize akasema. Akaanza kama watungaji wote wanavyoanza, kwa kuomba aletewe wino na karatasi.

Kumbe Mwinyikombo hakujua kwamba ule ni mwanzo tu, na kwamba hakuna anayeletewa kitu.

"Hata Bwana Faki aliomba," akasema, "na hakuna aliyeinuka. Nilitamani kumletea, nikaona haya. Ngoja, mama, nikutafutie."

Akainuka, akaenda mbio, ardhi inatikisika. Kisima kikabaki wazi.

"Chota ukimbie," Kozi akanong'ona kutoka paani.

Mize akachota, akamnywesha Siti tone kwa tone mpaka mtoto akafumbua macho.

"Chota ukimbie," Kozi akasema tena.

Mize akajaza mtungi.

"Mwanamke, kimbia!"

Mize akautazama mtungi, akaitazama njia aliyopita Mwinyikombo. Kisha akaketi ukingoni mwa kisima, akangoja.

Mwinyikombo akarudi akitabasamu, na jani la mgomba begani na mkaa uliosagwa ndani ya kifuu. Akauona mtungi unadondoka maji. Tabasamu likapotea.

"Maji umeshapata."

"Nimepata."

"Mbona hujaondoka?"

"Utenzi haujaisha, baba. Hainuki mtu."

Mwinyikombo akakaa chini, mbali kidogo na kisima. Mize akaghani, na watu wakatoka majumbani mmoja mmoja, wakaketi:

*Kisimani alikaa,*
*wala hakuwa na njaa,*
*vifaranga kawambaa*
*asiwakanyage chini.*

Akaghani beti nyingi, na huu ndio wa mwisho:

*Mtungaji mimi Mize,*
*jina moja niongeze,*
*Mwinyikombo nimtuze,*
*jirani wa kisimani.*

Mwinyikombo akalia, akacheka, akalia tena. Tangu siku hiyo aliwachotea wazee maji kwa kiganja kimoja, na kiganja chake kilijaza mitungi mitatu.

Bawa lilipopona, Kozi akaenda kutazama ukuta wa watoto. Akakuta wamemchora Mize, Mwinyikombo na mtungi, wala hapana kishindo hata kimoja. Akalalamika kwamba hata joho lake halimo. Watoto wakamwonea huruma, wakamchora pembeni, juu ya paa, ameshika sindano.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nanyi mkipita kisimani, mwamkieni Mwinyikombo kwa jina lake.