Kisima Kilichotoa Maji kwa Majina

Kang'! Ndoo iligonga jiwe kavu usiku wa manane, na mji mzima wa Shimbwezi, uliokuwa chini ya Sultani Muhadhari bin Nabhani, ukajua kuwa kisima kimekauka.

Kisima hicho kilitunzwa na jini Kharjush, aliyefungwa kwa pete ya babu yake Sultani, na ahadi yao ilikuwa hii: kila mwenye nyumba ataje watu wake mbele ya kisima, na kila jina litapata maji yake ya mwaka. Sultani akashuka kwa mienge, na raia wakamfuata, na nyuma yao akaja mkewe, mzazi wa juzi, midomo imempasuka kwa kiu, na binti mchanga akilia kwenye titi lisilo na maziwa.

"Ewe Kharjush," akanguruma Sultani, "umevunja ahadi!"

Jini akachomoza kama moshi wa ubani. "Hasha, ewe mtukufu! Nimetoa kwa kadiri nilivyotajiwa. Hunitajia wanaume na watoto wa kiume, kisha kila nyumba husema, 'na watu wa nyumbani.' Ni nani hao? Mmoja? Saba? Mmehesabu nusu ya mji, na maji ya nusu ndiyo mliyokunywa wote."

Wanaume wakainamia vidole vya miguu yao, kwani Shimbwezi, kumtaja mke hadharani kulikuwa kama kumvua ukaya wake wa kichwani.

"Mama Shee," mwanamke mmoja akamchokoza jirani yake, aliyejulikana kwa jina la mwanawe wa kiume tu, "hivi mumeo analijua jina lako?"

"Analijua, shoga, ila hulikumbuka akitaka kitoweo."

Watu wakaangua kicheko, na mume wa Mama Shee, Badru mfua chuma, akaona heri aibu kuliko kiu. "Mke wangu ni Mwanashungu!" akapaza sauti. "Na binti zangu ni Shufaa na Time!"

Ndoo ikashuka kavu na ikapanda ikimwagika.

Basi wanaume wakasukumana kisimani, na majina ya wake na mama na mabinti yakavuma kama matari ya harusi, na kila nyumba ikapata maji, isipokuwa kasri.

"Mtukufu," waziri akanong'ona, "jina la bibi mbele ya wauza samaki? Haifai."

Mama Shee akamsogezea mke wa Sultani kata yake ya maji. "Kunywa, bibi."

"Ahsante, dada. Hayo yametoka kwa jina lako. Mimi nangoja yangu."

Sultani akamtazama binti yake, ambaye sasa hakuwa na nguvu ya kulia, na akaelewa kuwa asiyehesabiwa hugawiwa makombo, na kwamba heshima aliyodhani anampa mkewe ndiyo kiu iliyokuwa ikimuua. Akamsukuma waziri kando na akapiga magoti ukingoni mwa kisima.

"Ewe Kharjush, tangu leo mji huu utahesabiwa mzima, mwanamke kwa mwanamume. Na nyumbani kwangu yuko mke wangu…"

Akamgeukia mkewe, kisha akapaza sauti mbele ya wauza samaki wote.

"Raihana."