Wimbo wa Simba Mwenye Makovu

Mwaka ule kijiji kilipewa kibali cha kuwinda simba mmoja tu, na Shigela, tajiri wa vinu vya pamba, akakichukua. Wazee walimsihi amwinde dume mzee aliyekwisha kufukuzwa kundini.

"Namtaka yule kijana mwenye manyoya mazito shingoni," akasema.

Kila mtu alijua maana yake. Huyo ndiye aliyekuwa baba wa watoto wa kundi; akifa, dume mgeni angeingia kundini na kuwaua watoto wote, na mbuga ingebaki bila simba wa kesho.

Shigela alimwendea Nkwimba, mtunzi wa nyimbo, kwa kuwa huko aliyeua simba hucheza nyumba kwa nyumba huku akiimbiwa jinsi alivyomwua.

"Mama, nitungie wimbo mtamu."

"Nimeshaanza, baba. 'Shigela kamkuta simba kalala chali, watoto wanamchezea mkia...'"

"Ala! Unataka watu wanicheke?"

"Sasa niimbe uongo? Yule manyoya yake yote yapo, hajaguswa na kitu. Mzee ndiye shingo imenyonyoka na uso umechanika. Yaliyompata huko porini siyasemi, utakosa usingizi. Mwache huyo, baba, una watoto wadogo."

"Nimwache mimi? Tunga wa huyo huyo!"

Kesho yake Shigela akamwangusha yule mzee, akacheza mpaka kiatu kikapasuka.

Mume wa Nkwimba akamnong'oneza mkewe, "Hivi ni nani hasa aliyemnyonyoa simba yule?"

"Miiba," akajibu Nkwimba, akiendelea kupiga makofi. "Siku hizi alikuwa haoni njia."