Ndoo ya Nakijwa

Soma hadithi hii taratibu, kisha mtumie yule ambaye hujasikia sauti yake siku nyingi.

Palikuwa na chuo kidogo cha Biblia mlimani, chenye wasichana ishirini na sita na bomba moja tu la maji, huko chini bondeni. Kila muhula ulipoanza, Mchungaji Shemhilu, mkuu wa chuo, aliwaokotesha vikaratasi vyenye majina. Uliyemwokota ndiye rafiki yako wa siri. Kazi yako ni kumwombea na kumjazia ndoo yake kila asubuhi, bila yeye kukuona. Majina yalitajwa siku ya kufunga chuo.

Nakijwa alikuwa mgeni, ametoka mbali, na pale hapakuwa na mtu wa kwao. Asubuhi ya kwanza alimjazia maji msichana aliyemwokota, kisha akarudi kuitazama ndoo yake mlangoni. Tupu. Siku ya pili, tupu. Siku ya tatu wenzake wa bweni wakaanza utani.

"We Nakijwa, labda karatasi yako ilipeperushwa na upepo," mmoja alisema, na bweni zima likacheka.

Siku ya nne Nakijwa aliamka kabla ya kengele, akashuka bondeni mara mbili: mara moja kwa ajili ya rafiki yake, mara ya pili kwa ajili yake mwenyewe. Kulipokucha, ndoo ya Nakijwa ilikuwa imejaa kama za wengine. Utani ukaisha.

Akafanya hivyo muhula mzima. Alikula nao, akaimba nao, akacheka walipocheka. Ila kila alipojimwagia yale maji aliyoyabeba mwenyewe, alijiambia kwamba katika mlima ule hakuna hata mmoja anayemkumbuka. Kilichomuuma zaidi ni kumwona Tumsifu, kiongozi wa kwaya, akimwagilia mchicha nyuma ya bweni kila asubuhi. Hata mchicha una mtu wake, aliwaza.

Mwishowe akaandika barua ya kuacha chuo. Aliikunja ndani ya Biblia, akafunga sanduku lake, akangoja siku ya kufunga ili amkabidhi Mchungaji.

Siku hiyo wasichana walisimama mmoja mmoja kanisani, wakataja majina, wakakumbatiana. Nakijwa alitazama sakafu, mkono wake umeishika ile barua. Tumsifu akasimama wa mwisho.

"Wangu ni Nakijwa," alisema. "Naomba anisamehe. Siku za mwanzo nilikuwa nimelala na malaria. Nilipopona nikampelekea maji, nikakuta ndoo imejaa. Kesho yake imejaa. Nikajua amepata mtu bora kuliko mimi. Sikuona vyema kuyatumia maji yaliyo yake, nikawa naumwagilia mchicha."

Mchungaji akauliza, basi ni nani aliyekuwa akiijaza ile ndoo?

Nakijwa alinyanyuka. "Ni mimi, Baba Mchungaji. Niliona aibu ikionekana tupu."

Tumsifu alimgeukia.

"Siku sabini, dada," akasema. "Siku sabini nimefika hadi mlangoni kwako."

Nakijwa akalia, akalia sana, na Tumsifu akaja kuketi karibu naye kwenye benchi mpaka alipomaliza.

Barua haikumfikia Mchungaji. Muhula uliofuata, asubuhi ya kwanza, Nakijwa aliamka mapema kama alivyozoea, akampelekea maji rafiki yake mpya. Kisha akarudi kitandani, akavuta shuka, na kuiacha ndoo yake mlangoni ikiwa tupu.

Funzo: Usiufiche upweke wako mpaka watu wadhani umetosheka, huenda anayekujali amesimama mlangoni na maji mkononi, na hana pa kuyamimina.