Mize na Kuta Mbili za Kizimbwi

Paukwa.
(Pakawa.)
Ukuta una nini?
(Una masikio.)
Basi leo una na macho. Sogeeni karibu, niwape yale ambayo ukuta uliyaona.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, palikuwa na mji uitwao Kizimbwi, na ndani ya mji huo mwanamke jina lake Mize. Kazi yake kutengeneza rangi. Alitwanga ngeu, akapata nyekundu. Alitwanga masizi, akapata nyeusi. Alitwanga nili, akapata buluu. Akishatwanga hutia gundi ya mgunga, rangi ipate kushika. Bila gundi rangi ni vumbi tu. Ukiipangusa, imekwenda zake.

Mize aliwatwangia watu wawili. Mmoja mumewe, Mbaruku, mchoraji wa wanyama. Wa pili kaka yake wa tumbo moja, Shehondo, mchoraji wa watu. Mbaruku akichora chui ukutani, mbuzi hukataa kupita njia ile. Shehondo akimchora marehemu, wafiwa humwamkia.

Na mashemeji hawa walipendana. Walikula sinia moja. Nasema sinia moja, mnisikie vizuri.

Maneno yalianzia kwa watu. Mmoja alisema, "Tangu dunia iumbwe hajatokea mchoraji kama Mbaruku." Mwenzake akamjibu, "Hujui usemalo. Kuchora chui ni kuchora madoa. Bingwa ni Shehondo, wa zamani na wa sasa." Wakabishana barazani. Wakabishana kisimani. Wakabishana njia ya makaburini, na jeneza liko mabegani. Ikafika hadi watu wa upande huu hawawaziki wa upande ule. Siku moja muuza kahawa akaulizwa yeye ni wa nani. Akasema, "Mimi ni wa kahawa." Wakammwagia kahawa yake mwenyewe usoni, ikamuunguza macho, akapofuka.

Hapo Jumbe Mwinyikondo, mkubwa wa mji, akapiga mbiu. "Mabishano haya yaishe. Kila mchoraji apewe ukuta mmoja na siku saba. Kuta zifunikwe majamvi, asione mtu. Siku ya nane mji utachagua. Atakayeshinda ndiye bingwa. Atakayeshindwa atakatwa mkono wa kuume, pasiwe tena na wa kulinganishwa naye."

Watu walishangilia, jamani. Mkono si wao.

Mize akaenda kwa mumewe. "Bwana, tuhame. Kuta ziko kila mahali."
Mbaruku akasema, "Nikihama watasema nimeshindwa."
Akaenda kwa kaka yake. "Kaka, mama alituacha wawili tu. Hama."
Shehondo akasema, "Nikihama watasema nimeshindwa."
Akaenda kwa Jumbe, akapiga magoti. "Jumbe, mmoja ni mume wangu, mwingine ni damu yangu. Wahamishe wewe."
Jumbe akasema, "Nikiwahamisha, watasema nimeshindwa."

Sikio la kufa halisikii dawa. Mize akarudi kwenye kinu chake, akakaa, akafikiri. Kisha akatwanga ngeu, akatwanga masizi, akatwanga nili, na gundi hakutia. Hakumtilia mume, hakumtilia kaka. Alisema moyoni, "Kuta zikiwa tupu zote mbili, hapana mshindi. Pasipo mshindi, hapana wa kukatwa."

Siku saba alibeba vibuyu vya rangi. Mbali na wachoraji wenyewe, mtu pekee aliyeruhusiwa kuingia nyuma ya majamvi ni yeye. Nyuma ya majamvi palikuwa na kivuli na unyevu, rangi ikajishikiza hivyo hivyo, nao wachoraji hawakutambua. Mbaruku alichora hasemi. Shehondo alichora hali chakula.

Siku ya nane asubuhi mji wote ulikuwa uwanjani. Jumbe akaamuru. Vijana wakayashika majamvi, wakayavuta kwa nguvu, nayo yakakwaruza ukuta kutoka juu hadi chini. Vumbi likatimka, jekundu, jeusi, buluu. Lilipotua, kuta zilikuwa nyeupe. Huku nyeupe, huku nyeupe.

Mize akashusha pumzi. Ndiyo kwanza apumue tangu siku ile ya mbiu.

Lakini Mbaruku hakuutazama ukuta. Alimtazama shemeji yake. "Shehondo, umemtuma dada yako aniharibie rangi."
Shehondo akasema, "Mimi? Huyu analala nyumbani kwako. Wewe ndiye uliyemtuma aniharibie mimi."
"Yangu ilikuwa bora. Uliichungulia, ukaogopa."
"Yangu ndiyo iliyokuwa bora. Hata wewe unajua."

Mize akaja mbio. "Ni mimi. Hakuna aliyenituma. Nimeziharibu zote mbili, mikono yenu ipone." Nani wa kumsikiliza? Kikapu chake kilikuwa chini, na ndani yake mchi wa mpingo. Mbaruku akauokota mchi, akampiga Shehondo kichwani. Mara moja tu. Shehondo akaanguka chini ya ukuta wake, na ule ukuta mweupe ukapata rangi.

Wakamzika mchana ule ule. Kisha Jumbe akamwita Mize. "Mwenye damu ni wewe, huna ndugu mwingine. Ukitaka, mumeo auawe. Ukitaka, msamehe."

Mize alimwona kaka yake kaburini. Alimwona mumewe kafungwa kamba. Akasema, "Leo nimekwisha kuzika mmoja. Sina nguvu za kuzika wawili." Akamsamehe. Jumbe naye akasema ahadi ni deni, na mji uliahidiwa mkono mmoja, akamkata Mbaruku mkono wa kuume.

Mize alimuuguza. Alifunga kidonda, alipika uji, alifua matambaa. Hakumlaumu kwa neno. Usiku alilia, mchana alitwanga, lakini alitwanga nafaka, si rangi.

Siku ya arobaini Mbaruku alikula kwa mkono wa kushoto, akasema, "Mke wangu, wewe ulikuwa ukiingia nyuma ya majamvi. Uliziona picha zetu. Bora ilikuwa ya nani?"
Mize akasema, "Kula, bwana."

Kesho yake akauliza tena. "Bora ilikuwa ya nani?"
Mize akasema, "Sikuzitazama."

Siku ya tatu akauliza tena. "Hukuzitazama vipi? Siku saba unaingia na kutoka."
Mize akaweka mwiko chini. "Niliwatazama ninyi, Mbaruku. Niliitazama mikono yenu, nikisema moyoni, hii nitaiokoa. Michoro sikuitazama, si yako, si ya kaka yangu."

Mbaruku akainamisha uso. Mize akadhani ameelewa. Akadhani sasa atalia, na yeye Mize apate kulia naye, wamlilie Shehondo pamoja.

Mbaruku akainua uso. "Hata kwa pembe ya jicho?"

Mize akainuka. Akakunja mkeka wake, akatwaa kanga zake mbili, akatoka. Alishika njia ya kijiji alikotoka marehemu mamaye, wala Kizimbwi hakukanyaga tena. Nyuma yake Mbaruku alikaa mbele ya chakula mpaka kikapoa, akingoja ajibiwe.

Ngano yangu imefika ukutani, haina pa kupita. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mezeni nanyi, maana mimi fungu langu nimekwisha kulimeza.