Karatasi Chini ya Mguu wa Meza

Wenye watoto shuleni, someni hii taratibu. Nimeletewa, nami naipitisha kwenu.

Katika mji mmoja mdogo chini ya milima alikuwepo mwalimu wa tuisheni aliyeitwa Nakiete. Alikuwa mjane, na tuisheni ndiyo iliyomweka mjini. Kila alasiri watoto kumi na tisa wa darasa la saba walikaa barazani kwake na madaftari yao.

Kwake ufutio ulikuwa marufuku.

"Ukikosea usifute," aliwaambia. "Piga mstari mmoja juu ya kosa, kisha andika upya pembeni. Nataka nione njia uliyopita."

Watoto wakiondoka, alikaa na madaftari yale akisoma makosa tu. Majibu yaliyo sahihi aliyapita haraka. Kwa njia hiyo alijua nani amekwama, na amekwama wapi, hata kama mtoto mwenyewe hajafungua mdomo.

Wazazi hawakuipenda tabia hiyo. Walipenda daftari safi.

"Daftari la mwanangu linafanana na shamba lililopitiwa na nguruwe," alisema mama Elinipa, na wenzake wakacheka.

Mwenyekiti wa wazazi alikuwa Bwana Sengondo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa na binti mmoja katika tuisheni ile, Namkunda. Namkunda alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, na alikuwa kimya kuliko wote. Hakuwahi kunyoosha mkono.

Siku moja Bwana Sengondo alirudi kutoka safari na kishikwambi chenye akili mnemba. Ukiandika swali la shule, kinakujibu papo hapo, tena kwa Kiswahili fasaha. Akaita mkutano wa wazazi katika ukumbi wa kata, akamwita na Mwalimu Nakiete.

"Ndugu wazazi, tusigombane," alisema. "Tuwashindanishe. Maswali kumi ya hesabu. Atakayeshinda ndiye atakayefundisha watoto wetu."

Mashine ilimaliza maswali yote kumi kabla Mwalimu Nakiete hajavaa miwani yake.

Yeye alimaliza baada ya nusu saa. Yote alipata. Lakini wazazi walikuwa wameshaanza kusimama.

"Mwalimu, usikasirike," alisema mama Elinipa. "Mwenzako hali ugali, hapati mafua, wala hana msiba wa kwenda kulala matanga. Sisi tufanyeje?"

Ukumbi mzima ukacheka.

Mwalimu Nakiete alivua miwani. "Mmeshindanisha nani anajua," alisema. "Hamkuuliza nani anaona."

"Anaona nini, Mama?" Bwana Sengondo aliuliza. "Hesabu ni hesabu."

Kura ikapigwa kwa mikono. Ilinyooshwa karibu yote upande wa mashine.

Mwalimu hakubishana. Kesho yake alizunguka nyumba kwa nyumba, akamkabidhi kila mzazi karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono.

"Ni mambo ya mtoto wako," alimwambia Bwana Sengondo. "Naomba uisome leo. Kuna miezi mitatu kabla ya mtihani."

"Nitaisoma, Mwalimu. Ahsante kwa kazi yako."

Akaitia mfukoni bila kuifungua, kama walivyofanya wazazi wengi.

Jioni hiyo watoto walianza kwenda kusomea sebuleni kwa Bwana Sengondo. Kishikwambi kiliwekwa juu ya meza. Kila mtoto aliandika jina lake, kisha swali lake, na mashine ikamjibu. Meza ilikuwa inayumba kwa sababu sakafu haikuwa sawa, na watoto walikuwa wakiigusagusa kwa shauku. Bwana Sengondo alipapasa mfukoni, akatoa karatasi, akaikunja mara nne na kuipachika chini ya mguu mmoja. Meza ikatulia.

Nisiseme uongo, mashine ilifanya kazi. Elinipa, ambaye alikuwa na maswali mengi kuliko kasuku, aliiuliza mpaka ikabidi avutwe mkono aachie wenzake. Mashine haikuchoka, haikumkemea, haikumwambia swali lake ni la kipumbavu. Mtoto huyo alikwenda mbio.

Namkunda naye alikaa pale pale kila siku, hatua mbili kutoka kwenye meza. Alisikiliza wenzake wakiuliza. Majibu yao aliyanakili kwa mwandiko wake mzuri. Mahali alipokosea alifuta kwa ufutio mpya alionunuliwa na baba yake, mpaka ukurasa ukawa mweupe.

"Tazameni daftari la binti yangu," Bwana Sengondo aliwaambia wageni. "Halina hata doa."

Mtihani ukaja, ukapita. Matokeo yakabandikwa.

Elinipa alifaulu vizuri sana. Watoto wengine tisa walifaulu pia. Waliofeli walikuwa tisa, na mtu angewapanga mstari mmoja angegundua kitu: wote walikuwa wale wapole, wale ambao ukiwauliza kama wameelewa wanaitikia ndiyo.

Namkunda alikuwa wa mwisho katika orodha yote.

Bwana Sengondo alirudi nyumbani na hasira. Hakumwangalia binti yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akaandika kwa kidole kizito: "Kwa nini hukumfundisha Namkunda?"

Mashine ikajibu papo hapo, kama kawaida yake:

"Katika nyumba hii nimejibu maswali elfu moja na mia mbili. Hakuna swali hata moja lililotoka kwa Namkunda."

Aliipiga meza teke. Meza ikasogea, na karatasi iliyokunjwa mara nne ikabaki sakafuni, imeganda kwa vumbi, imechorwa duara la mguu wa meza.

Aliitambua. Akaifungua.

"Kwa mzazi wa Namkunda," ilisema. "Mtoto huyu si mjinga. Kwenye kugawanya anaruka sifuri. Mia sita na kumi na mbili ukigawa kwa sita, yeye anapata kumi na mbili badala ya mia moja na mbili. Anadhani sifuri haina kazi, kwa hiyo anaiacha. Kosa hili moja linamharibia hesabu nyingi, na sasa amejiaminisha kuwa hana akili. Hatauliza. Muulizeni ninyi. Siku kumi zinatosha."

Alisoma mara ya pili, akakaa chini.

Asubuhi alimsomea binti yake karatasi ile, akamshika mkono, wakaenda barazani kwa Mwalimu Nakiete. Pale walimkuta mpangaji mwingine, anauza vocha. Wakaelekezwa kwenye ghala la maharage nje ya mji.

Walimkuta amekaa juu ya gunia kati ya wanawake wengine, ungo mapajani, anachambua. Vidole vyake vilikwenda haraka. Zuri huku, bovu kule.

"Mwalimu," alisema Bwana Sengondo, "nimekuja kukuomba urudi. Karatasi yako nimeisoma."

"Lini?"

Bwana Sengondo alitazama chini. "Jana."

Mwalimu Nakiete aliokota punje iliyotobolewa na mdudu, akaitupa pembeni.

"Mwenyekiti, huku nimezoea. Huku bado wanahitaji macho."

"Tulikukosea, Mama. Tutakuitia watoto upya."

"Utawaita watoto wengine. Wale tisa mtihani wao umeshapita."

Ndipo Namkunda, aliyekuwa amesimama nyuma ya baba yake, akasogea mbele.

"Mwalimu," alisema, kwa sauti ndogo sana, "kumbe ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Na siku kumi zingetosha?"

Mikono ya Mwalimu Nakiete ikasimama juu ya ungo. Muda wote aliomfundisha mtoto huyu, hayo ndiyo yalikuwa maswali yake ya kwanza.

"Zingetosha," alisema.

Msimamizi wa ghala akaita kwamba lori limefika. Mwalimu akainama, akaendelea kuchambua.

Funzo: Mashine humjibu mtoto anayeuliza. Asiyeuliza anahitaji mtu wa kumwona, na ukishamfukuza mtu huyo hakuna atakayekwambia umepoteza nini mpaka siku ya matokeo.